Usukani Hautaki Kipuri Hafifu

Ajali inapotokea, aghalabu twamlaumu dereva. Leo twapenda kukitazama kipuri.

Katika gari lenye usukani wa nguvu ya mafuta, pampu inayozungushwa na mkanda wa injini husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa, yakapita katika mpira hadi kwenye raki ya usukani. Mpira hafifu hupasuka upesi. Mafuta yakamwagika, pampu ikasagika kwa ukavu, na usukani ukawa mzito ghafla. Katika kona za Chake Chake na Wete, gari likiwa limejaa abiria, uzito huo ni hatari ya roho za watu.

Kwa hiyo twawanasihi wenye magari, na zaidi maofisa wanaoidhinisha ununuzi kwa fedha za umma, wasitazame bei peke yake. Namba ya kipuri ilingane na ya mtengenezaji wa gari. Mafuta yawe ya aina iliyotajwa katika kitabu chake. Na pampu ikifa, fundi asafishe njia zote za mafuta kabla ya kufunga nyingine, kwani chembe za chuma zilizobaki zitaiua nayo.

Rahisi ghali. Shilingi iliyookolewa dukani isilipwe kwa maisha ya abiria.