'Ishirini na nane' ni ngapi? Lugha ya gurudumu na fremu

Neno bodaboda ni mzawa wa mpaka wa Kenya na Uganda. Huko Busia na Malaba, waendeshaji baiskeli waliwavusha abiria na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpakani hadi kingine, wakinadi safari kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, walilolirudia mara mbili. Pikipiki ilipokuja ililirithi jina. Lakini baiskeli iliyolizaa ina msamiati wake, na ukitumiwa ovyo unaweza kumtia mtu hasara, hata kumwangusha.

Chukua neno tairi. Mtaani, 'tairi imepinda' humaanisha rimu imepinda. 'Toa tairi' humaanisha ng'oa gurudumu zima. Kwa usahihi, gurudumu ni kitu kizima: kitovu, spoki, rimu, tyubu, na tairi la mpira juu yake. Tofauti hii haiwahusu walimu wa sarufi pekee. Ukimwambia muuza vipuri, 'Nipe tairi ya ishirini na nane', umemtajia kipimo chenye maana zaidi ya moja.

Inchi 28, yaani takriban milimita 711, ni kipenyo cha nje cha tairi, tena cha kukadiria. Ile baiskeli nzito nyeusi tuiitayo Black Mamba hutumia tairi la 28 kwa 1½, ambalo hukaa kwenye rimu ya milimita 635. Baiskeli nyingi za kisasa za mjini nazo huitwa za 28, ilhali rimu zake ni za 622. Tofauti ni milimita 13 tu, ila tairi la 622 halivaliki kwenye rimu ya 635. Na la 635 likivikwa rimu ya 622 litapwaya na kuchomoka. Ndiyo maana kipimo cha kimataifa huandikwa ubavuni mwa tairi kwa namba mbili, mathalani 40-635: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu. Hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia kwanza.

Fremu nayo huundwa kwa gurudumu maalumu. Ya Black Mamba ni ndefu na uma wake wa mbele umelala, hivyo hutulia kwenye barabara mbovu. Tuseme fundi ameivika magurudumu ya 26 ya baiskeli za milimani, yenye rimu ya 559 na tairi la upana wa 50. Nusukipenyo kitapungua kutoka takriban milimita 357 hadi 329, na baiskeli nzima itashuka milimita 28. Pedeli zitagonga ardhi kwenye kona, abiria akiwa nyuma. Breki zilizopangiwa rimu ya 635 zitaikosa rimu kwa milimita 38. Usukani nao utakuwa mwepesi mno, kwani uma uleule ukibeba gurudumu dogo hupoteza sehemu ya utulivu wake. Kinyume chake, gurudumu kubwa kwenye fremu ndogo litakwaruza uma, au halitaingia kabisa.

Istilahi tunazo tayari. Kilichobaki ni kuzitumia. Anayesema 'tairi la 40-635' hurudi nyumbani na tairi linaloingia. Anayesema 'ishirini na nane' anabahatisha.