Jaji Morris Carter: Aliambia Wamaasai Korti Haiwezi Kuwasaidia, Alafu Akapewa Kazi ya Kugawa Ardhi

Ukitoka Nairobi na mat ya Nakuru, ukikaribia Naivasha cheki upande wa kushoto. Ule mvuke mweupe unatoka kwa mlima ni Olkaria, penye stima ya mvuke wa ardhini ilianza kutolewa 1981. Jina lenyewe ni la Kimaasai: olkaria ni ule udongo mwekundu wamorani hujipaka. Sasa swali ni simple. Kama jina ni la Wamaasai, mbona sehemu kubwa ya Bonde la Ufa hapo katikati iliisha kuwa mashamba ya walowezi? Jibu liko kwa faili moja ya korti ya 1913, na jina la jaji mmoja ambaye shule hatukufunzwa: Sir William Morris Carter.

Ngori ilianza 1904

Reli ilikuwa imefika Kisumu 1901, na serikali ya mkoloni ilitaka walowezi wakae kando yake. Agosti 1904, Olonana na viongozi wengine wa Kimaasai waliweka alama kwa mkataba na Sir Donald Stewart, aliyekuwa mkubwa wa serikali hapa. Deal ilikuwa hivi: Wamaasai watoke Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru zikiwa ndani, wagawanywe. Wengine waende kusini, wengine Laikipia. Kwa kurudishiwa mkono, waliahidiwa kwamba hizo sehemu mpya zitakuwa zao maadamu jamii yao bado iko duniani.

Hiyo "milele" ilidumu miaka saba. 1911 mkataba mwingine ukaletwa: watu wa Laikipia nao wahame, waende kusini. Kisa na sababu? Walowezi walikuwa wameanza kumezea mate Laikipia pia.

Hapo ndio mzee Parsaloi ole Gilisho alikataa kunyamaza. Yeye na wenzake walitafuta wakili mzungu, wakapeleka serikali kortini. Fikiria hiyo form, msee. Ni 1913, huna kura, huna mbunge, na unamshtaki mkoloni ndani ya korti yake mwenyewe. Walidai mkataba wa 1911 haukuwafunga kwa sababu waliousaini hawakuwa na ruhusa ya jamii, na wakataka walipwe mifugo waliyopoteza kwa ile safari.

Mei 1913 Mahakama Kuu ikatupa kesi. Wakakata rufaa, na huko ndio wakakutana na Carter, ambaye wakati huo alikuwa Jaji Mkuu wa Uganda na pia alikaa kwa Korti ya Rufaa ya Afrika Mashariki.

Korti ilisema nini hasa?

Shika hapa pole pole, juu hii ndio part inauma. Desemba 1913 majaji waliamua hivi: hii nchi si koloni, ni nchi ya kigeni iko chini ya ulinzi wa Uingereza. Kwa hivyo Wamaasai si raia wa Mwingereza, ni taifa geni. Mkataba kati ya Mfalme na taifa geni ni mambo ya serikali na serikali, si makubaliano ya kawaida kama ya kukodi nyumba. Na mambo ya serikali na serikali, korti haina mamlaka ya kuyagusa.

Yaani, Wamaasai walikuwa "taifa" la kutosha kusaini ardhi iende, lakini hawakuwa na hadhi ya kutosha kuidai kortini. Hakuna mtu alipima kama walidanganywa ama walilazimishwa. Mlango ulifungwa kabla ya swali kuulizwa.

Tuwe fair. Carter hakutunga hiyo sheria usiku. Kanuni ya kwamba korti haiingilii mambo ya dola na wageni ilikuwa kwa vitabu vya Uingereza kitambo. Huyu alikuwa jaji wa kushika sana mapokeo: sheria iko hivi, kazi yangu ni kuisoma, wacha serikali itawale. Watu wengi wa sheria bado wanaheshimu jaji wa aina hiyo, na sababu wanazo. Hutaki jaji wa kuamka na sheria mpya kila asubuhi.

Shida ni CV yake baada ya hapo.

Kutoka kwa kiti hadi kwa ramani

1920 Carter alihamia Tanganyika kuwa Jaji Mkuu, akatoka 1924. 1925 akaitwa Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, aongoze tume ya ardhi. Tume ilipendekeza nchi igawanywe kwa rangi, na sheria ya 1930 ikapatia wazungu wachache karibu nusu ya nchi.

1932 akaletwa Kenya na mandate kama hiyo. Tume ya Ardhi ya Kenya, wengi huiita Tume ya Carter, ilizunguka ikisikiza wazee wa jamii mbali mbali wakieleza mashamba yao yalienda vipi. Ripoti ilitoka 1934. Jamii zingine ziliongezewa vipande, lakini kwa ujumla tume ilitaka madai ya Waafrika nje ya reserve yafutwe kabisa, na zaidi ya maili 16,000 mraba zikapendekezwa kulindwa kwa ajili ya wazungu. 1939 London ikaitia muhuri.

Umeona hiyo mzunguko? 1913 alisema korti haina mamlaka kwa haya mambo. Miaka kama 20 baadaye akapewa mamlaka yote, na akaamua vile vile.

Mbona ikuhusu leo

Kwa sababu Olkaria haijapoa. 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa tena kupisha mtambo wa Olkaria IV. Zilipolalamika kuhusu makao mapya, zilienda Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na upatanishi ukaisha na makubaliano 2016. Tofauti na 1913 ni kwamba kuna mtu aliwasikiza.

Sheria nayo imesonga. Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010 kinatambua ardhi ya jamii, na cha 67 kinaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Nao Waendorois wa Ziwa Bogoria, hapo tu mbele ya Nakuru, walishinda mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu baada ya kufukuzwa miaka ya 70. Kushinda na kurudishiwa shamba ni vitu viwili, waulize wao.

Kwa hivyo next time ukisikia jaji amesema "korti hii haina mamlaka", usiscroll haraka. Uliza kama hayo mamlaka amewaachia nani.