Mboga, Msimu na Msamiati: Soko kama Darasa la Kiswahili

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Wengi wetu huitumia methali hii katika insha bila kuwahi kukiona kibaba chenyewe. Kibaba ni kipimo cha nafaka: vibaba viwili hufanya kisaga, na vibaba vinne hufanya pishi. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi ununuzi wa vyakula vya msimu sokoni unavyomfaidi mwanafunzi kwa njia mbili: humpunguzia gharama na humrejeshea msamiati unaoelekea kubaki kamusini tu.

Kwanza, tuangazie msimu. Katika sehemu nyingi za Kenya, mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Majuma machache baada ya mvua kuanza, mchicha, kunde na mnavu hufurika katika masoko kama vile Wakulima jijini Nairobi, Kibuye mjini Kisumu na Kongowea mjini Mombasa. Kiangazi cha Januari na Februari kikiingia, mara nyingi muuzaji hapandishi bei, hupunguza fungu. Kwa hivyo, anayeujua msimu hulitazama fungu kabla ya kuuliza bei.

Pili, kuna suala la majina. Mnavu huitwa managu kwa Kikuyu, rinagu kwa Ekegusii na osuga kwa Kijaluo. Mgagani nao hujulikana zaidi sokoni kwa jina saga. Kukopa si dosari. Hata Marikiti, jina ambalo wengi huliitia soko la Wakulima, ni neno la Kiingereza lililoongezewa irabu likaafiki silabi za Kiswahili. Linalosikitisha ni kwamba mtaalamu mtarajiwa wa Kiswahili anaweza kuchanganua sentensi changamano, ilhali hawezi kuitaja mboga iliyo sahanini mwake wala kutofautisha chane na mkungu wa ndizi.

Tatu, mapishi yenyewe ni mepesi, na yanamfaa hata mwenye sufuria moja. Mboga huchambuliwa na kuoshwa kabla ya kukatwa. Mnavu na mgagani huwa na uchungu. Kwa sababu hiyo huchemshwa kwanza, maji yakamwagwa. Kisha kitunguu na nyanya hukaangwa, mboga zikatiwa na kuungwa kwa maziwa, zikaachwa zitokote kwa moto mdogo. Kunde zikipikwa pamoja na mchicha, kunde hutangulia kwa kuwa mchicha huiva upesi. Mrenda, ambao huteleza, hupikwa na kunde kwa magadi kidogo. Hapo husongwa ugali, na chakula kikawa tayari.

Ni rai yetu kwamba vyama vya Kiswahili vyuoni vianze kukusanya msamiati wa sokoni na jikoni: majina ya mimea, vipimo, na vitenzi kama kuchambua, kuunga, kutokosa na kusonga. Kazi hii haihitaji ufadhili. Inahitaji kikapu, daftari na heshima kwa akina mama wanaouza mboga, kwani wao ni watafitiwa wenye ujuzi ambao bado haujaandikwa wote. Lugha isiyotumika jikoni iko katika hatari ya kuwa lugha ya mtihani tu.