Kijana Asimamiwe Mpaka Lini?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, ofisi ya msikiti wetu hupokea wazazi wa aina mbili. Wapo wanaokuja kumshukuru Allah (SW) na kuomba barua ya utambulisho kwa ajili ya kijana anayekwenda masomoni mbali. Na wapo wanaokuja na manung'uniko ambayo, kwa muda niliokaa katika ukatibu, nimeyasikia kwa maneno yanayofanana sana: "Katibu, mtoto huyu tulimlipia tuisheni, tulimnunulia vitabu, tulimwamsha kila alfajiri, lakini hajitambui."

Tulimwamsha. Hapo ndipo ningependa wazazi wenzangu tusimame kidogo.

Mwanafunzi wa kidato cha nne aghalabu huwa na umri wa miaka 16 au 17. Kwa hukumu ya dini yetu amekwisha kubaleghe. Swala anayoiacha ni dhima yake mwenyewe. Lakini nyumbani mama ndiye saa yake ya kuamkia, baba ndiye ratiba yake ya kusoma, na kaka mkubwa ndiye mlinzi wa simu yake. Kisha, ndani ya miezi michache, anapangiwa shule ya bweni ya kidato cha tano katika mkoa asioujua. Miaka miwili baadaye huenda akaingia chuo kikuu, na fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo zikamfikia kwa mkupuo, naye akatakiwa azitumie kwa majuma mengi bila mtu wa kumwambia leo nunua hiki, kile kiache. Siku hiyo sote tunamtaka awe anajua kujisimamia. Alijifunzia wapi?

Qur'an Tukufu imeligusa jambo hili mahali ambapo wengi wetu hatupatazami kwa jicho la malezi ya mwanafunzi. Katika Suratun Nisaa, aya ya 6, walezi wameamrishwa wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona kwao ule ukomavu wa akili ambao wanazuoni huuita rushdi, wawakabidhi mali zao. Mafaqihi wakaeleza namna ya kujaribu: mtoto apewe sehemu ndogo ya mali aiendeshe, auze na kununua, huku mlezi akimtazama. Tuutafakari mpangilio huo. Jaribio linatangulia makabidhiano, na jaribio lenyewe ni kukabidhiwa kidogo. Mlezi hakuambiwa ashikilie kila kitu mpaka siku ya mwisho, kisha aachie mikono yote miwili kwa mpigo.

Swala nayo imewekewa utaratibu wa namna hiyo. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (SAW) ameelekeza watoto waamrishwe kuswali wakiwa na miaka 7, na wakifika 10 ndipo jambo litiliwe mkazo zaidi. Katika miaka hiyo mitatu mtoto hupitiwa na swala za faradhi zaidi ya 5,000. Hayo ni mazoezi makubwa, na yanafanyika mikononi mwa wazazi, kabla mtoto hajawajibika.

Aandike yeye, wewe usome

Jambo la kwanza la kumkabidhi mwanafunzi ni muda wake. Nchi zetu za karibu na Ikweta zimejaaliwa neema tusiyoihesabu. Kijana wa Kiislamu anayesoma London hupata Magharibi kabla ya saa 10 alasiri mwezi wa Desemba, na baada ya saa 3 usiku mwezi wa Juni. Ratiba aliyoipanga msimu mmoja haimfai msimu mwingine. Hapa Dar es Salaam tofauti ya Magharibi kwa mwaka mzima ni kama nusu saa tu. Swala tano ni nguzo zisizohama, na ratiba ya mwanafunzi inaweza kufungwa juu yake mwaka mzima.

Waliotutangulia waliufahamu utajiri huo. Imamu Burhanuddin Az-Zarnuji, aliyekuwa mwanafunzi wa mwandishi wa Al-Hidaya, aliandika zaidi ya miaka 800 iliyopita kitabu kidogo cha adabu za mwanafunzi, Ta'lim al-Muta'allim, ambacho hadi leo husomeshwa katika madrasa nyingi duniani. Humo amezitaja nyakati zilizo bora kwa kusoma, na miongoni mwake ni wakati wa daku na muda ulio baina ya Magharibi na Isha. Katika nyumba zetu nyingi muda huo wa pili, ambao ni zaidi ya saa moja, umekwisha kutwaliwa na tamthilia.

Nasisitiza kwamba ratiba aiandike mwanafunzi mwenyewe. Mzazi kazi yake ni kuisoma. Ratiba ya kwanza itakuwa mbovu, na ni vyema iwe hivyo. Atajiandikia Fizikia kuanzia saa 8 usiku mpaka alfajiri, siku saba mfululizo, na siku ya tatu atalala juu ya daftari. Hapo baba asimcheke wala asimfokee. Usiku wa kuamkia Ijumaa wakae pamoja kwa muhasaba mfupi: kipi ulikipanga, kipi kilifanyika, kipi kilizuia? Kisha kijana aipunguze ratiba yake kwa mkono wake. Bibi Aisha (RA) amepokea kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa chache. Nusu saa ya Hisabati inayosimama kila siku ina thamani kuliko usiku mzima unaokuja mara moja kwa mwezi.

Az-Zarnuji ana jambo jingine ambalo natamani kila mwanafunzi alijue. Anaelekeza kwamba somo la jana lirudiwe mara tano, la juzi mara nne, la siku iliyotangulia mara tatu, kisha mara mbili, kisha mara moja. Karne nyingi baadaye, mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Akaonesha kwamba usahaulifu huenda kwa kasi mno katika saa na siku za mwanzo, halafu hupungua kasi. Kijana anayehifadhi juzuu analijua hili bila kuambiwa, kwa kuwa ustadhi wake humdai muraja'a kila siku. La ajabu ni kwamba maarifa hayo huyaacha juu ya mkeka wa madrasa. Bailojia na Historia huziweka mpaka Oktoba inapokwisha, ilhali mtihani wa taifa huanza Novemba.

Kuhusu simu sitarefusha maneno. Zilale sebuleni usiku, zote, na ya baba ikiwemo.

Fedha ndiyo inayowatia wazazi hofu zaidi. Anayesoma kutwa apewe nauli na fedha ya chakula ya siku tano Jumapili jioni, badala ya kupewa kila asubuhi mlangoni. Juma la kwanza huenda zikaisha Jumatano. Mzazi asikimbilie kuziba pengo: nauli tu ndiyo ampe, na chakula abebe kutoka nyumbani hadi Ijumaa. Somo hilo hupatikana kwa gharama ndogo sana akiwa na miaka 15. Akilipata chuoni baada ya kumaliza fedha za kujikimu katika juma la pili, gharama yake huwa madeni, na kwa wengine huwa mambo mabaya kuliko madeni.

Na binti je?

Kuna utafiti mashuhuri wa Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Watoto wadogo walipewa hiari ya kula kitamu kimoja papo hapo, au kusubiri wapate viwili. Kwa miaka mingi ikasemwa kwamba aliyeweza kusubiri ndiye aliyekuja kufanya vyema masomoni. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walilipima jambo hilo upya kwa watoto zaidi ya 900, na uhusiano ule ukaonekana mdogo sana mara tu kipato na hali ya nyumbani vilipozingatiwa. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kile tunachokiita nidhamu ya mtoto ni hali ya nyumba anamoishi.

Hapa ndipo panaponiuma. Chukua kaka na dada wanaosoma kidato kimoja. Kaka akirudi shuleni anakula, anakwenda tuisheni, anarudi na kufungua daftari. Dada akirudi anachota maji, anapika, anaosha vyombo, anambembeleza mdogo wao, na daftari lake hufunguliwa saa 4 usiku macho yakiwa mazito. Matokeo yakija tunasema binti hana bidii. Kujisimamia kunahitaji kuwepo na kitu cha kusimamia. Binti huyu hata robo saa yake mwenyewe hana.

Nimekwisha kujibiwa, tena na watu ninaowaheshimu, kwamba mtoto wa kike hana budi ajue kazi za nyumbani. Ajue, na kaka yake naye ajue. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba Mtume (SAW) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na ukifika wakati wa swala hutoka kwenda kuswali. Kijana wa kiume anayeosha vyombo baada ya chakula hajapungukiwa na heshima yoyote. Kazi zigawanywe kwanza, ndipo ratiba ziandikwe, na binti apate walau saa moja isiyoguswa hata mgeni akibisha hodi.

Msikitini kwetu chumba cha madrasa huachwa wazi baina ya Magharibi na Isha kwa wanafunzi wa sekondari. Hakuna mwalimu wa kuwasimamia. Ufunguo na daftari la mahudhurio hushikwa na mwanafunzi mmoja kwa juma, kisha hupokewa na mwingine. Upande wa wanawake bado haujafunguliwa kwa kazi hiyo. Suala hili limo katika ajenda ya kikao kijacho cha kamati, na kinachotakiwa ni meza nne, taa mbili, na akina mama watakaokubali kupokezana kuwasindikiza mabinti mpaka majumbani baada ya Isha.