Podi za Masikio: Kabla Utoe Ganji Pale Luthuli, Uliza Simu Yako Kwanza

Wacha tuongee kuhusu hizo ngiri tatu zako. Umeziweka pembeni mos mos tangu mwezi uanze, na Jumamosi unaingia tao kutafuta podi za masikio zisizo na waya. Simu yako ni ile ya bei ya kati: Galaxy A, Redmi Note, Camon, kitu kama hiyo. Ukifika Luthuli Avenue, msee wa duka atakupangia boksi nne kwa kaunta na aanze kukusomea: LDAC, ENC, Hi-Res, masaa 40. Yote inaskika tamu. Ngori ni moja: unaweza lipia nusu ya hayo maandishi na simu yako isiyatumie hata siku moja.

Rada ni hii. Sauti ikitoka kwa simu haiendi kwa podi venye iko. Inafinywa kwanza, inarushwa na Bluetooth, alafu inafunguliwa ikifika. Hiyo njia ya kufinya na kufungua ndio inaitwa kodeki, na lazima simu na podi zote ziwe zinaijua. Zisipoelewana, zinarudi kwa SBC, ile ya kawaida ambayo kila simu na kila podi lazima iwe nayo. Hautaona onyo lolote. Ngoma itacheza tu, na wewe utakuwa unatingisha kichwa ukidhani unaskiza kile ulilipia.

LDAC ni ya Sony. Iliingia kwa Android kuanzia toleo la 8, mwaka wa 2017, so simu nyingi ziko nayo, lakini kampuni ya simu ikiamua kuiacha inaiacha. aptX ni ya Qualcomm, na ukiwa na simu ya chipu ya MediaTek, usiamini kama iko mpaka uone na macho yako. Samsung nao wako na kodeki yao ya nyumbani, Samsung kwa Samsung. Galaxy Buds ukiziunganisha na Redmi zitacheza, lakini kwa AAC ama SBC. AirPods kwa Android ni hivyo hivyo: zinacheza, ila ukichomoa moja kwa sikio ngoma haisimami, na simu haikuonyeshi chaji imebaki ngapi. Hapo unalipia mapenzi ya iPhone na wewe uko na Tecno.

Kujua simu yako iko wapi ni kazi ya dakika mbili. Omba beshte podi zake, uziunganishe, ju simu nyingi hazikuruhusu kugusa hiyo orodha kama hakuna kitu imeunganishwa. Ingia "Settings", alafu "About phone", ugonge "Build number" mara 7. Kwa Redmi unagonga toleo la MIUI ama HyperOS badala yake. Hapo menyu ya "Developer options" itafunguka. Shuka mpaka "Bluetooth audio codec". Zile zimefifia, ama simu haina, ama hizo podi hazina. Usiguse vitu zingine huko ndani kama huzijui, tafadhali.

Sasa tuseme simu yako iko na LDAC. Bado usikimbie. LDAC ikiwa juu kabisa inabeba hadi 990 kbps. Spotify ya bure kwa simu mwisho wake ni 160. Na wengi wetu tumeweka ubora chini kabisa ndio data isiishe kabla ya jioni. Ni kama kukodi lori la kubeba sufuria moja. Alafu hiyo 990 hukatakata ukiwa mahali pamejaa watu na Wi-Fi, kwa sababu Bluetooth na Wi-Fi nyingi zinang'ang'ania masafa yale yale ya 2.4 GHz. Simulia hiyo kwa stage ya Odeon saa kumi na moja jioni. Kama uko na ngoma za FLAC kwa simu na unaskizia kejani kumetulia, sawa, LDAC itakubamba. Kama wewe ni wa YouTube na mathree, AAC ama SBC inakutosha kabisa, na hiyo tofauti ya bei uipeleke mahali itaskika.

Na mahali itaskika ni maiki. Hapa ndio watu wanachomwa sana, kwa sababu ya herufi moja.

ANC na ENC ni vitu mbili tofauti. ANC ni yako wewe: podi inaskiza kelele ya nje na kutengeneza sauti kinyume ya kuifuta, ndio ngurumo ya injini ishuke. ENC ni ya yule mtu mnaongea naye: inasafisha kelele kwa maiki yako ndio akuskie. Podi nyingi za bei ya chini zinaandikwa ENC kubwa kubwa kwa boksi. Unanunua ukidhani umenunua utulivu, unapanda nganya, na besi ya dere inakupata vile vile. Hujaibiwa na mtu. Umesoma herufi vibaya, na muuzaji hakuwa na haraka ya kukurekebisha.

Hata ANC ya ukweli iko na mipaka. Inaweza ngurumo zile hazibadiliki, kama injini ama feni. Honi, mtoto analia, ama makanga akiita "Rongai mia", hizo zitapita. Na haifanyi kazi vizuri kama podi haijaziba sikio. Ndio maana zile raba tatu kwa boksi si mapambo. Jaribu zote, na usishangae kama sikio la kushoto linataka saizi tofauti na la kulia. Besi ikikosa, mara nyingi shida ni raba, hata kabla uanze kulaumu podi.

Kuziba sikio pia kunakuokoa na kitu ingine. Podi zisizo na raba zikiwa ndani ya mat, unaongeza sauti mpaka ishinde spika za gari. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza skiza masaa 40 kwa wiki bila noma. Ikifika 90, ni masaa 4 kwa wiki. Masaa 4 unayamaliza Jumanne ukienda wera na kurudi. Lakini ukivuka Thika Road ama ukitembea usiku, chomoa moja. Boda haitakungoja umalize chorus.

Turudi kwa maiki, ju hii ndio inaweza kukugharimu kazi. Ukipokea simu, ile LDAC inakaa pembeni. Bluetooth inahamia njia ingine ya mazungumzo, ambayo ubora wake ni wa chini. Kwa hivyo podi ya bei kali yenye maiki mbaya itakufanya uskike kama uko ndani ya tangi la maji siku ya intaviu, na hutajua, kwa sababu wewe unaskia fiti. Hata kwa gemu ni hivyo: ukiwasha maiki ya podi kuongea na mbogi kwa Call of Duty, sauti ya gemu nzima inakuwa nyembamba kama redio ya guka. Kama wewe ni mtu wa gemu, tafuta podi zenye hali ya gemu ya kupunguza kuchelewa, ama tumia tu waya. Baadhi ya simu za bei ya kati bado ziko na tundu la 3.5 mm, na waya haichelewi wala haitaki chaji.

So dukani fanya hivi. Toka nje kwa barabara na podi za kujaribu, Luthuli haikosi kelele, upigie mtu simu. Usimuulize "unaniskia?" ju atasema ndio. Mwambie namba tano bila mpangilio azirudie. Kama duka limekataa ujaribu, kuna duka ingine hatua kumi mbele.

Yale masaa 40 kwa boksi kawaida yanahesabu pia chaji ya kikasha. Uliza podi zenyewe zinaenda masaa mangapi. IPX4 inavumilia jasho na mvua nyepesi, IPX7 inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30, lakini hiyo mara nyingi ni ya podi, kikasha hakimo. Kikasha chenye taa kama nganya usilipie taa. Na betri za ndani ni ndogo sana, nyingi zimegandishwa na gundi, fundi wa mtaa hatazifungua zikabaki nzima. Ikichoka ya kulia ndio hivyo, so uliza kama kampuni inauza podi moja moja.

Lipa kwa till ya duka, usikubali "tuma kwa namba yangu". Chukua risiti iandikwe jina kamili la podi na warranti ni ya miezi mingapi. Na boksi usitupe, ju serial namba iko pale chini, na siku ya kurudisha ndio kitu ya kwanza watakuitisha.