Uzamili wa Sanaa na Uzamili wa Sayansi

Shahada ya uzamili ya sanaa, M.A., na ile ya sayansi, M.Sc., ziko daraja moja: zote hufuata shahada ya kwanza na kutangulia uzamivu. Kinachozitenga ni swali linaloulizwa na ushahidi unaokubalika kulijibu.

Degedege inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mtoto ana homa kali, macho yamegeuka, viungo vimekakamaa. Mwanafunzi wa M.Sc. anayechunguza vimelea humtoboa kidole, akapaka tone la damu kwenye kioo, akalitia rangi na kuhesabu vimelea vya malaria kwa darubini. Siku kadhaa baada ya dawa huhesabu tena. Kazi yake ni vipimo na takwimu, na mtafiti mwingine akifuata hatua zilezile anapaswa kuona yaleyale. Mwanafunzi wa M.A. ya anthropolojia huketi mkekani na mama wa mtoto na kumsikiliza. Watafiti wa aina hii nchini Tanzania walikuta wazazi wengi wakiitenga degedege na malaria, wakiihusisha na shetani mwenye umbo la ndege. Ndiyo maana baadhi ya watoto walipelekwa kwanza kwa mganga. Sababu hiyo haionekani kwenye darubini, ingawa inaweza kuamua kama mtoto atafika hospitali mapema.

Kwa hiyo ni kosa kubwa kuidhania M.A. kuwa njia ya mkato. Kunukuu mahojiano neno kwa neno, kuyalinganisha na nyaraka na kujenga hoja isiyoyumba hudai nidhamu sawa na ya maabara.

Neno sanaa lenyewe huwapotosha wengi. Hapa halihusu uchoraji na ngoma pekee. Katika vyuo vikuu vya Ulaya vya zama za kati, sanaa zilikuwa 7: sarufi, balagha, mantiki, hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Hesabu ilikuwa sanaa! Shahada za sayansi zilijitenga baadaye sana. Chuo Kikuu cha London kilianzisha B.Sc. mwaka 1860. Chuo cha Dar es Salaam, kilichoanza 1961 chini ya London, kilirithi mgawanyo huo.

Mipaka haikunyooka kila mahali. Uchumi husomwa kwa M.A. Dar es Salaam, ilhali London School of Economics hutoa M.Sc. hata kwa uhusiano wa kimataifa. Katika vyuo vikongwe vya Uskoti, kama Edinburgh na St Andrews, M.A. ni shahada ya kwanza, ya miaka 4. Oxford na Cambridge nazo humpa mwenye B.A. yao M.A. baada ya miaka kadhaa, bila kozi wala mtihani zaidi. Anayepima cheti cha namna hiyo hana budi kufungua orodha ya masomo na kuuliza kama kuna tasnifu.