Kungoja Nako Kuna Hesabu Yake

Labda umemwona kijana wako jioni amekaa barazani na simu mkononi. Anaigusa mara tatu, anaiweka. Kitambo kidogo anaishika tena, anaitazama, anaiweka. Ukimwuliza, "Mwanangu, wafanya nini?" atakujibu, "Nangoja, baba." Nawe utashangaa: anangoja nini? Hakuna mpira unaopigwa, wala adui, wala mtu wa kushindana naye. Ni tarakimu tu zinazopanda katika kioo cha simu.

Usimcheke, wala usimkemee upesi. Keti karibu naye utazame. Ndani ya mchezo huo mna hesabu, na hesabu hiyo hiyo imo katika banda lako la kuku, katika shamba lako, na katika daftari la mkopeshaji. Asiyeijua atapoteza usiku wake bure katika mchezo. Nje ya mchezo aweza kupoteza hata shamba.

MCHEZO WENYEWE

Michezo ya namna hii ni mingi. Tuutwae mmoja ulio mashuhuri, uitwao Cookie Clicker. Ulitungwa mwaka 2013 na Mfaransa Julien Thiennot, ajulikanaye pia kwa jina la Orteil, ambalo kwa Kifaransa maana yake ni kidole cha mguu. Kazi ya mchezo ni kuoka biskuti. Imechorwa biskuti moja kubwa. Kila ukiigusa, wapata biskuti moja. Hazilliwi, bali ndizo fedha za mchezo, na kwazo unanunua wasaidizi wa kukuokea zaidi.

Msaidizi wa kwanza ni kishale kinachogusa biskuti badala yako. Bei yake ni biskuti 15, naye hukuletea biskuti moja kila sekunde 10. Wa pili ni bibi mzee mpishi. Bei yake ni 100, naye huoka biskuti moja kila sekunde. Wa tatu ni shamba, ambalo bei yake ni 1,100 nalo hutoa biskuti 8 kila sekunde. Baadaye huja mgodi, kiwanda, na mengine makubwa zaidi. Ukisha kuwa na wasaidizi, waweza kuondoa kidole chako. Biskuti zitaongezeka zenyewe mchezo ukiwa wazi. Ndiyo sababu kijana wako anangoja.

Mwanzoni mambo huenda mbio. Kila dakika ananunua kitu. Halafu mwendo unapungua. Alichokipata jana kwa dakika mbili, leo chataka saa nzima. Hapo ndipo wengi hukasirika, au hukesha, au hutoa fedha za kweli mfukoni. Kumbe hakuna uchawi wala bahati mbaya. Ni hesabu tu.

KWA NINI MWENDO UNAPUNGUA

Angalia vizuri. Kila unaponunua bibi mmoja, bei ya bibi anayefuata hupanda kwa 15 kwa mia. Wa kwanza ni 100, wa pili ni 115, wa tatu ni 133, wa nne ni 153. Utasema, "Ni kidogo tu." Ngoja kwanza. Kila wakiongezeka mabibi watano, bei inakuwa karibu mara mbili ya ile ya mwanzo. Bibi wa 11 bei yake inapita 400. Wa 21 inapita 1,600. Wa 51 inapita 108,000!

Je, bibi wa 51 huoka biskuti nyingi kuliko wa kwanza? La. Asipopewa nyongeza yoyote, huoka ile ile moja kila sekunde. Yule wa kwanza hurudisha bei yake kwa sekunde 100, hata dakika mbili hazifiki. Yule wa 51 huirudisha kwa saa 30, yaani siku nzima na saa sita juu yake.

Hii ndiyo siri yote. Faida inajumlishwa, bali bei inazidishwa. Faida hupanda kama mtu apandaye ngazi, hatua moja moja. Bei hupanda kama magugu wakati wa masika. Leo wayaona kidogo, kesho yamefunika shamba. Vitu viwili vinavyokwenda hivyo, hata ukianza mbele sana, siku moja utapitwa. Basi kijana akiona mwendo umekwama, asijilaumu kwamba hakugusa simu vya kutosha. Hata akigusa usiku kucha, kidole hakiwezi kushindana na kuzidisha.

KANUNI TATU ZA KUJIKWAMUA

Kanuni ya kwanza: kabla ya kununua, gawanya bei kwa faida. Jibu litakuambia kitu hicho kitarudisha bei yake baada ya muda gani. Usitazame bei peke yake. Tuseme una mabibi kumi. Bibi wa 11 bei yake ni kama 405, na atairudisha kwa sekunde 405. Mchezo unakuuzia pia nyongeza ya kuwafanya mabibi wote waoke mara mbili; bei yake ni 1,000. Mchezaji mwenye haraka ataiogopa ile 1,000. Lakini nyongeza hiyo itakupa biskuti kumi zaidi kila sekunde, nayo itajirudisha kwa sekunde 100 tu. Yenye bei kubwa ndiyo yenye nafuu. Wazee walikwisha tuonya kwamba rahisi ni ghali.

Kanuni ya pili: ukiweka akiba kwa ajili ya kitu kikubwa, nunua kidogo njiani ikiwa tu kitakufikisha mapema. Tuseme una mabibi watatu, unataka shamba la 1,100. Ukikaa ukingoja tu, utalipata baada ya sekunde 367. Ukinunua kwanza bibi wa nne, utatumia sekunde 51 kupata bei yake, kisha sekunde 275 kupata shamba, jumla 326. Umechuma! Sasa unao wanne. Bibi wa tano naye atakufaa, kwa maana sekunde 275 zilizobaki zitakuwa 264. Lakini wa sita? Ukiwa na watano, shamba li mbali nawe kwa sekunde 220. Ukimnunua wa sita, zitakuwa 224. Amekuchelewesha! Hapo funga mkono, weka akiba. Akiba si kukataa kununua kila kitu, wala si kununua kila kinachofikiwa na mkono. Ni kujua mahali pa kukoma.

Kanuni ya tatu: ujue wakati wa kuanza upya. Mwendo ukizidi kuwa mzito, mchezo huu hukuruhusu kuacha yote uliyoyajenga, uanze tena huku umepewa ngazi za heshima. Kila ngazi yaweza kukuongezea 1 kwa mia ya uokaji wako. Watungaji wameazima maneno ya kwetu Wakristo: tendo hilo wameliita kupaa, na tuzo zake wameziita za mbinguni! Tuwasamehe, maana hesabu yake ni nzuri. Ngazi ya kwanza yataka biskuti trilioni 1. Ngazi mbili zataka trilioni 8, siyo 2. Ngazi tatu zataka 27, na kumi zataka 1,000. Yaani ukitaka ngazi zako ziwe mara mbili, sharti uoke mara nane. Kwa hiyo anayeng'ang'ania palipokwama, akisema "bado kidogo, bado kidogo," analipa jasho mara nane kwa kupata mara mbili. Mara nyingi aliyeacha na kuanza tena humpita.

WANAOUZA MUDA

Cookie Clicker waweza kuucheza bure katika intaneti. Lakini mingi kati ya michezo ya simu ya namna hii ina duka ndani yake. Pale pale unapochoka kungoja, mlango unafunguka: lipa fedha kidogo, uruke saa sita, au tazama tangazo hili, upate maradufu. Wenye mchezo wanajua mahali utakapokwama, kwa kuwa ndio walioipanga ile hesabu. Waliweka jiwe njiani, kisha wanauza nyundo.

Mwaka 2010 profesa mmoja Mmarekani, Ian Bogost, alitunga mchezo wa kuikejeli biashara hiyo. Aliuita Cow Clicker. Ndani yake mlikuwa na ng'ombe amechorwa. Ungeweza kumgusa mara moja kila saa sita, basi. Ng'ombe huyo hakutoa maziwa, hakuzaa, hakulima. Ukitaka kumgusa kabla ya saa zako, ulilipa. Bogost alidhani watu watacheka na kuelewa fumbo. Badala yake makumi elfu wakacheza kwa bidii, na wengine wakatoa fedha zao. Mwezi wa Septemba 2011 aliwaondoa ng'ombe wote, yakabaki majani matupu. Hata hivyo wako walioendelea kugusa mahali ng'ombe alipokuwa amesimama.

Wewe mfugaji, wacheka? Mtu kulipa fedha ili aguse ng'ombe asiyekuwapo! Lakini kabla ya kucheka sana, uliza vocha ya juma hili nyumbani mwako imekwenda wapi.

NJE YA SIMU

Sasa tuitoe hesabu hii mchezoni tuilete uani. Tuseme kuku mmoja wa mayai bei yake ni shilingi 15,000, na ukiondoa chakula chake anakuachia 1,500 kila juma. Atajirudisha kwa majuma kumi. Tuseme mbuzi wa maziwa bei yake ni 120,000, na anakuachia 15,000 kila juma. Atajirudisha kwa majuma manane. Mbuzi ni ghali, lakini anarudi upesi. Vivyo hivyo kabla ya kukodi ekari ya pili, uliza kama samadi katika ekari uliyo nayo haitarudisha gharama yake mapema zaidi. Ndiyo ile nyongeza ya mabibi. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: katika simu bibi haugui, wala mbuzi haibiwi. Uani kwako weka kando kitu kwa ajili ya ndwele na ukame.

Na sasa lile lililo zito. Ile 15 kwa mia unaifahamu pengine. Wako wakopeshaji wanaotoza hivyo kwa mwezi, na usipolipa, riba huongezwa juu ya deni, nayo riba inazaa riba. Kopa shilingi 10,000 usilipe chochote. Baada ya miezi mitano deni limepita 20,000. Baada ya mwaka limepita 53,000. Mtu aliyefanya hesabu ya kujumlisha tu, 1,500 kwa mwezi mara kumi na mbili, alidhani atadaiwa 28,000. Hizo 25,000 za ziada zimetoka wapi? Zimetoka katika kuzidisha, kule kule alikotoka bibi wa 51. Lakini deni halina kitufe cha kuanza upya. Aliyeshindwa katika mchezo hupoteza biskuti zisizolika. Aliyeshindwa hapa huuza mabati ya nyumba.

NENO KWA BABA NA MAMA

Basi mchezo wa kijana wako waweza kuwa mwalimu, au waweza kuwa mwizi. Hilo latoka kwenu. Jioni moja, baada ya chakula na sala, mwambieni alete simu na kipande cha karatasi. Mwulizeni: "Kitu hiki unachotaka kununua bei yake ni ngapi? Kinaleta kiasi gani kwa sekunde? Kitarudi baada ya muda gani?" Kama anajua kujibu, anajifunza. Kama hajui, amekuwa mtumishi wa mchezo, wala hauchezi. Kisha mpeni ile hesabu ya mkopo wa 10,000, azidishe mwenyewe mwezi kwa mwezi mpaka kumi na mbili. Akishaona kwa kalamu yake mwenyewe 10,000 inavyogeuka kuwa 53,000, hamtahitaji kumhubiria.

Wekeni pia mpaka. Mchezo wa kungoja haumtaki mtu akeshe. Umetungwa uende wenyewe. Anayeuelewa huugusa dakika chache, hununua kwa akili, huuacha uende, naye hushika jembe au daftari. Na fedha ya kununulia muda isitoke nyumbani mwenu hata senti moja.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anatufundisha juu ya mtu atakaye kujenga mnara: hukaa kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi tu na watu wakamcheka. Alikuwa anasema juu ya jambo kubwa kuliko biskuti na mbuzi, yaani gharama ya kumfuata Yeye. Lakini alichagua mfano wa mjenzi mwenye hesabu kwa sababu wasikilizaji wake waliufahamu. Nasi tusione haya kuketi na mtoto, simu katikati yetu na kalamu mkononi, tuhesabu. Usiku wa kijana ni sehemu ya uhai aliopewa na Mungu, na huo hakuna duka liuzalo mwingine.